Dakika Tatu za Waldo

Westby, Wisconsin
2 Machi

Kaka Leland,

Mbwa ameanguka mtihani. Nakuandikia kwa sababu simu husikii, na hata ungesikia nisingepiga, maana leo nina maneno mdomoni ambayo mama angekuwa hai angeniosha kinywa kwa sabuni.

Nikueleze sawasawa, usije ukasema hukuelezwa. Nyumba ya wazee wanakomtunza Arvid tangu Novemba haipokei mbwa asiye na cheti cha tabia njema. Nimewabembeleza, nimewapelekea na keki. Keki wamekula, mbwa wamemkataa. Na mume wangu kila nikienda swali lake ni moja: "Waldo yuko wapi?" Nikimwambia yuko nyumbani, ananitazama kama mtu anayejua anadanganywa. Daktari amesema wazi kwamba kumbukumbu za Arvid zinaondoka moja moja, na ya mbwa nayo zamu yake itafika, pengine kabla majira ya joto hayajaisha. Ndiyo maana nina haraka.

Mtihani una sehemu kumi. Waldo alipita tisa. Alikubali kushikwa na mgeni, akachanwa manyoya, akapita katikati ya watu bila kunivuta mkono, akakaa, akalala, akaja alipoitwa. Aliletewa mbwa mwingine mwenye maringo, amenyolewa kama ua wa michongoma wa mbele ya benki, asimjali. Mtu akaangusha sufuria nyuma yake makusudi, yeye akageuza sikio moja tu. Nikaanza kuwaza nitakitundika wapi cheti.

Ya kumi: unampa kamba mtu usiyemjua, unatoka mahali mbwa asikuone, dakika tatu, naye atulie. Sekunde arobaini, Leland! Sijafika hata kwenye mlango wa choo akaachia ule mlio wake wa kuwinda, wa kutoka tumboni, mpaka mbwa wote ukumbini wakamwitikia.

Bi Joyce Pagel anayesimamia mtihani ni mtu wa haki, ila mkavu. Akaandika kwenye karatasi yake, akasema, "Pole, mama. Ana moyo mzuri, lakini hapana." Marudio ni tarehe 20 Aprili. Baada ya hapo ni mpaka Oktoba.

Wewe ulifundisha mbwa wa jeshi miaka ishirini na sita. Nisaidie kwa huyu mmoja.

Dada yako,
Verna

&nbsp;

Bisbee, Arizona
8 Machi

Verna,

Pole kwa mbwa, na salamu kwa shemeji.

Mbwa anayepita tisa si mjinga. Anaogopa kitu kimoja, na hofu hufundishwa kwa vipande vidogo. Tafuta mtu akushikie kamba. Toka sekunde tano, rudi. Zikienda vizuri, kumi. Halafu ishirini. Usiruke. Ukiruka, unarudi mwanzo.

Swali la pili nakuuliza kwa sababu nakujua: mfukoni mwa koti lako mna nini? Siku ya mtihani chakula hakiruhusiwi. Mbwa anayetii jibini anatii jibini, hakutii wewe.

Usinitumie tena keki kwa posta. Imefika unga.

Leland

&nbsp;

Westby
14 Machi

Kaka,

Sawa, mfukoni mna jibini. Tuko Wisconsin, nchi ya jibini, ulitaka muwe na nini, tende? Nimeitoa. Siku mbili Waldo amenitazama kama mwizi wa pensheni yake, kisha akazoea. Hilo limekwisha.

La kumi halijaisha. Marlys, jirani yangu wa upande wa zizi, anakuja kila asubuhi kunishikia kamba. Nilianza na sekunde tano kama ulivyosema. Analia. Nikaenda kumi na mbili, analia na kuzunguka. Jana alimzungusha Marlys mpaka kamba ikamfunga miguu kwenye kiti. Marlys ana miaka sabini na nne na nyonga ya chuma. Alicheka, lakini nilimwona akitafuta miwani yake chini ya jiko na nikaona aibu.

Nimechoka. Huyu hakuwa mbwa wangu hata siku moja. Arvid ndiye aliyemleta ndani ya fulana yake, Arvid ndiye aliyekwenda naye msituni na kumlisha pembeni ya sahani nikijifanya sioni. Mimi nilikuwa mtu wa kufuta matope. Sasa nimeachiwa mimi nimfanye muungwana kwa wiki tano, na theluji yenyewe haijayeyuka. Nikimkaripia analaza masikio, halafu namwonea huruma, halafu najikasirikia mwenyewe.

Usiniambie tena vipande vidogo. Kuna kipande gani kidogo kuliko sekunde tano?

Verna

&nbsp;

Bisbee
20 Machi

Verna,

Haiingii akilini. Mbwa mwoga wa kuachwa huonyesha tangu mwanzo. Huyu anakaa katikati ya watu na masufuria kama jaji, halafu anavunjika kabla hujafika mlangoni. Kuna jambo hunielezi.

Andika kila unachofanya, kuanzia unaposhika kamba mpaka unapotoka nje. Kila neno, kila hatua. Usipambe.

Leland

&nbsp;

Westby
26 Machi

Kaka,

Sina ninachoficha, lakini haya, kwa kuwa wewe ni askari na unataka ripoti.

Marlys anafika saa tatu. Tunakunywa kahawa. Ikifika wakati, napiga magoti yangu kwa viganja na kusema, "Haya, basi, ngoja tuondoke." Hapo Waldo anasimama. Halafu Marlys anakumbuka jambo la mwanawe, namaliza kumsikiliza, siwezi kumkatiza. Navaa koti. Nampa Marlys kamba. Namwinamia Waldo namwambia naondoka, sitakawia, awe mtoto mzuri, Marlys ni rafiki. Nambusu kichwani. Nafika mlangoni, namwambia Marlys kuna mkate wa ndizi chini ya kitambaa, asiondoke mikono mitupu. Anasema lo, hapana, nisijisumbue. Nasema si usumbufu. Narudi kuufunga. Kwa kuwa nimesharudi, namshika Waldo masikio, namwambia tena sitakawia. Navua glavu ili anilambe mkono. Nikifika ukumbini nageuka kumpungia, maana ananitazama. Halafu kwenye ngazi namwuliza Marlys kama huko nyumbani kwake mabomba yameganda. Halafu natoka, na nikiwa nje napitia dirishani kumwonyesha kwamba bado nipo.

Siku ya mtihani nilifupisha kwa sababu ya watu. Nilimuaga mara tatu tu.

Ndiyo hivyo. Ninaondoka kama mtu yeyote aliyelelewa. Sioni kosa liko wapi.

Verna

&nbsp;

Bisbee
1 Aprili

Verna,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Dakika ishirini za kuaga kwa ajili ya sekunde tano za kuondoka! Hata jiwe lingelia. Mbwa hajui habari za mkate wa ndizi. Anachokiona ni kwamba bibi yake anajipiga magoti kwa viganja, anambusu, anakwenda, anarudi, anashika masikio, sauti inatetemeka, sura inachungulia dirishani. Anajiuliza kumezuka nini. Anahitimisha kwamba huyu mtu anakwenda kufa. Basi analia msiba mapema, na mimi simlaumu.

Nimekaa huku miaka mingi nikasahau kwamba huko kwetu watu hawawezi kutoka mlangoni. Baba alikuwa akiaga wageni mpaka injini ya gari inapoa tena.

Dawa ni moja. Mpe mtu kamba, sema "Subiri" mara moja, geuka, nenda. Usimguse, usigeuke, usipunge. Ukirudi, usifanye sherehe. Chukua kamba tu kama mtu anayechukua mwavuli wake. Jifunze kuondoka kama mwizi.

Leland

&nbsp;

Westby
6 Aprili

Leland,

Kuondoka kama mwizi! Fundi amenena. Mwaka 1971 ulitoka kwa mlango wa jikoni na begi moja, alfajiri, hukumwambia mtu. Mama aliweka sahani yako mezani siku nane. Mimi ndiye niliyekuwa naiosha ikiwa safi, kwa sababu hakutaka mtu aseme kwamba haina kazi. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kwa hiyo usinifundishe adabu ya milango.

Na kwa kuwa nimekwisha kasirika, nikuambie na lile ambalo sijakuambia. Kule kwa Arvid kuna nesi mmoja, binti mpole, juzi kanivuta pembeni. "Mama Tollefson, usichukie, lakini ukimuaga sana baba anahangaika. Anabaki anazunguka mpaka saa za kula. Ingekuwa bora utoke tu." Maneno yako yale yale! Nilikwenda kukaa garini nikapiga usukani kwa ngumi.

Unajua kwa nini namuaga sana? Kwa sababu hanijui, Leland. Tangu kabla ya Krismasi. Nilikuandikia kwamba anachanganyikiwa kidogo, na nilikudanganya. Ananiita "mama" kama anavyomwita mpika kahawa. Ananishukuru kwa kuja. Miaka arobaini na sita ya ndoa, ananishukuru kwa kuja! Basi nasimama mlangoni, narudi, namuaga tena, kila mara nikidhani safari hii, nikigeuka, atasema jina langu.

Mbwa anamkumbuka. Mbwa ana nafasi kichwani mwake na mimi sina. Wivu juu ya mbwa katika umri huu, cheka ukitaka. Nilichowaza ni hiki: akimwona Waldo, macho yake yataifuata kamba, na mwisho wa kamba atanikuta mimi.

Ndiyo sababu ya cheti. Sasa umejua.

Verna

&nbsp;

Bisbee
11 Aprili

Dada yangu,

Sicheki.

Habari za ile sahani sikuzijua. Kwa miaka hamsini nilidhani mlikasirika siku mbili mkaendelea na kukamua ng'ombe. Nilitoka kwa mlango wa jikoni kwa sababu mama angetoka barazani, na angetoka barazani nisingekwenda, na nilitaka kwenda. Sababu ni hiyo tu. Si nzuri. Nisamehe wewe, kwa kuwa yeye sikumwomba.

Kuhusu mbwa, nakusihi usichanganye kesi. Kumwacha kimya si kumdharau. Mbwa anasoma uso wako. Ukienda bila hofu, anabaki bila hofu. Kwa mbwa najua. Kwa shemeji sijui, sikusomea, na yeyote atakayekuambia anajua, mtilie shaka.

Una siku tisa. Mwambie Marlys anywe kahawa kwake.

Leland

&nbsp;

Westby
15 Aprili

Kaka,

Kwa haraka. Marlys amekubali kuingia, kushika kamba na kufunga mdomo, ingawa anasema imemuuma kuliko nyonga. Siku ya kwanza nilisema "Subiri" nikageuka, na mgongo wote uliniwasha. Nilijihisi mtu mbaya. Sekunde ishirini, kimya. Juzi dakika moja. Leo mbili, halafu nikakosea. Nilipofika barazani mkono wangu ukapunga wenyewe, aliniona kwenye kioo cha mlango, akalia. Nilijitukana mpaka Marlys akatoka nje kuangalia namsema nani.

Sijafika tatu hata mara moja, na kesho kutwa Marlys anakwenda kwa mwanawe mpaka mwisho wa wiki. Nitaingia kwenye mtihani na dakika mbili za mazoezi.

Nimekusamehe. Sikutaka kukusamehe kwa barua, nilitaka kukusamehe huku nakuona unavyokosa raha, lakini uko mbali.

Verna

&nbsp;

Westby
28 Aprili

Kaka Leland,

Amepita.

Nilijua ungetaka hilo kwanza, kwa hiyo nimeliweka kwanza. Bi Pagel mwenyewe ndiye aliyeshika kamba. "Nikutunzie mbwa, mama?" Nikasema, "Tafadhali." Nikamwambia Waldo "Subiri," nikageuka, nikatembea. Mlango ulikuwa mbali kama kanisa jirani. Nyuma ya ukuta palikuwa na mashine ya soda, nikaikumbatia. Nilihesabu mia na themanini na baada ya kila kumi nilisikiliza. Hakuna. Nikaanza kuwaza ameanguka amekufa.

Nilipoitwa nikamkuta amelala ubavu, kidevu juu ya kiatu cha Bi Pagel, macho nusu. Hata hakusimama. Watu walipiga makofi, na mimi, ukweli wa Mungu, nilikasirika. Kumbe muda wote huo hakuhitaji nirudi. Bi Pagel akaweka sahihi, akasema, "Safari hii umefanya kazi, mama." Hakusema mbwa ndiye aliyeifanya.

Siku iliyofuata, Jumapili, nikampeleka.

Nesi alikiangalia cheti mbele na nyuma kama noti ya bandia, akatupitisha. Arvid alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Waldo alimwona kwanza. Hakuvuta kamba, Leland, alitembea kama alivyofundishwa, ila mwili wote ulikuwa unatetemeka, kisha akaweka kichwa chake pajani mwa Arvid akashusha pumzi. Arvid akasema, "Waldo! Umenenepa, mzee wangu. Nani anakupa jibini?" Akamshika masikio yote mawili akayakunja kama zamani. Nilisimama. Nikangoja. Macho yake yaliifuata kamba polepole, kipande kwa kipande, mpaka mkononi mwangu, mpaka usoni.

"Karibu, mama," akasema. "Keti, usisimame hivyo. Wewe ndiye unayemtunza?"

Nikasema ndiyo, ni mimi.

"Umemtunza vizuri."

Nikaketi. Tulikaa saa nzima. Alimsimulia Waldo habari za kulungu waliyemkosa pamoja mwaka ule wa mafuriko, na mimi niliijua hadithi yote, hata mahali anapodanganya. Moyo wangu ulikuwa umepasuka na huku nacheka, sijui mtu anafanyaje yote mawili.

Ulipofika wakati nikafanya kama wewe na nesi mlivyoniagiza. Sikujipiga magoti kwa viganja. Sikumbusu. Nilichukua kamba, nikanyanyuka, nikaelekea mlangoni bila neno. Nilikuwa nimeshashika kitasa.

"Hee! Mama! Ndiyo unaondoka hivyo? Hata kuaga? Umelelewa wapi wewe?"

Nikageuka. Arvid alikuwa amejipiga magoti kwa viganja vyote viwili, paa, na anasimama. Peke yake. Wiki tatu hajasimama bila watu wawili. Nesi akakimbia, nikamwinulia mkono asimguse. Akatusindikiza, Leland. Alisimama mlangoni akaulizia hali ya barabara. Tukafika kwenye meza ya kahawa akasema nisiondoke mikono mitupu, akanifungia biskuti mbili kwenye karatasi ya kufutia mikono. Nikasema lo, hapana, usijisumbue. Akasema si usumbufu. Akaniuliza mvua itanyesha lini. Tukatembea hatua nne, tukasimama, tukaongea habari za mahindi. Kwenye mlango mkubwa alinionya niangalie kulungu, jioni wanatoka wawili wawili, ukimwona mmoja usidhani yuko peke yake. Dakika ishirini na saba. Hakuhangaika hata kidogo. Alikuwa mwenye nyumba, anaaga mgeni wake, na kazi hiyo haijamtoka.

Hapo nikaelewa kwamba mimi ndiye mgeni. Miaka arobaini na sita, naagwa kwa heshima zote kama mtu aliyepita kunywa kahawa. Waldo alikaa katikati yetu akingoja, hakulia.

Nilipokuwa natoka Arvid akanishika kiwiko.

"Niambie jina lako, mama. Mke wangu akija atataka kujua nani kaniletea mbwa. Yeye huja kila siku."

Nikamwambia.

Uso wake ulifunguka, Leland. "Ajabu hii!" akasema. "Wewe ni wajina wa mke wangu. Ngoja akukute siku moja, mtapendana."

Dada yako,
Verna